Kuchagua risasi ya kuwindia kulungu: hesabu inaanzia kwa mnyama

Kwanza tuelewane juu ya maneno, maana Kiswahili kimetubana hapa. "Risasi" ni yale madini mazito ya kijivu, ni kipande kinachoruka kutoka kwenye mtutu, na tena ni kile kitu kizima unachokitia kwenye magazini. Katika mwongozo huu risasi ni kipande kinachoruka, basi. Kile kitu kizima, yaani ganda, fataki (kile kidude kinachowasha baruti) kwenye kitako chake, baruti ndani na risasi mdomoni, tutakiita katriji. Madini tutayataja kwa jina la madini ya risasi.

Anayenunua kwa mara ya kwanza huwa anauliza kaliba gani, yaani upana gani wa mtutu na risasi yake, inaua vizuri. Swali hilo halina jibu la maana. Kulungu mmoja anaweza kuangushwa kwa kaliba kumi tofauti, na anaweza kujeruhiwa na kukimbia kwa kaliba hizo hizo kumi. Kinachotofautisha ni kama risasi ilimfikia ikiwa na kasi ambayo ilitengenezwa kufanyia kazi. Risasi ya kuwindia inatakiwa ichanue ndani ya mwili, ncha ifunguke iwe pana kama uyoga, huku shina lake likiendelea kusonga mbele. Ikigonga kwa kasi kubwa mno, inasambaratika kabla ya kufika kwenye mapafu. Ikigonga kwa kasi ndogo mno, haifunguki, inapita kama msumari. Kwa hiyo tutahesabu kutoka kwa mnyama kurudi kwenye mtutu, si kinyume chake.

Hatua ya 1: Isome bunduki yako

Maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu yanataja katriji inayokubaliwa. Maandishi kwenye kitako cha ganda yanataja katriji uliyoshika mkononi. Hayo mawili yafanane neno kwa neno na namba kwa namba. Katriji kuingia kwenye chemba (tundu la nyuma ya mtutu inamokaa) na bolti (kifungio cha nyuma yake) kufungika si ushahidi kwamba ndiyo yake. Mfano unaojulikana sana ni katriji ya .300 Blackout: inaweza kuingia kwenye chemba ya .223 Remington, lakini risasi yake ni nene kuliko tundu la mtutu, na ukifyatua bunduki hupasuka. Anayemiliki zote mbili asiziweke katriji zake kwenye mfuko mmoja.

Kisha tafuta msokoto wa mtutu. Mifereji iliyo ndani ya mtutu huizungusha risasi ili isiyumbe hewani, na msokoto huandikwa kama 1:10, yaani mzunguko mmoja kamili kila inchi 10. Watengenezaji wa Ulaya wengi huandika kwa milimita, kwa hiyo 1:10 utaiona kama 254, 1:12 ni 305, na 1:8 ni 203. Kama haikuandikwa, ipime mwenyewe. Hakikisha bunduki ni tupu, toa bolti, chukua ufito wa kusafishia ambao mpini wake unazunguka, uvishe kitambaa kinachobana vizuri. Ingiza hadi kitambaa kishikwe na mifereji, weka alama juu ya ufito karibu na mpini na nyingine pale ulipoingilia, kisha sukuma polepole mpaka ile alama ya juu izunguke na kurudi juu tena. Urefu ulioingia ndio msokoto wako. Rudia mara tatu, kwa sababu kitambaa kilicholegea hudanganya.

Kwa nini tunajali? Kwa sababu urefu wa risasi ndio unaodai msokoto, kuliko hata uzito wake. Risasi ndefu katika mtutu wenye msokoto wa polepole haitulii. Hili litarudi tutakapofika kwenye risasi za shaba.

Pima pia urefu wa mtutu, uandike mahali. Na kama bunduki yako ni ya mkono wa kukokea chini, yenye magazini ya bomba chini ya mtutu kama zile za .30-30 Winchester, kumbuka kwamba ndani ya bomba lile ncha ya risasi moja inakaa nyuma ya fataki ya katriji iliyotangulia. Ncha kali na ngumu inaweza kuigonga fataki hiyo kwa mshtuko wa kufyatua, na bomba zima likalipuka mkononi. Bunduki hizo hulishwa risasi za ncha bapa, au zile za ncha ya mpira laini zilizotengenezwa makusudi kwa ajili yake. Hapa hakuna cha kujaribu.

Hatua ya 2: Sheria, kabla ya duka

Sheria za kulungu zinatofautiana sana, na mara nyingi ndizo zinazopunguza orodha yako hadi nusu. England na Wales, chini ya sheria ya kulungu ya 1991, zinadai kaliba isiyopungua inchi 0.240, nishati isiyopungua futi-pauni 1,700 (karibu jouli 2,305) mdomoni mwa mtutu, na risasi inayochanua. Kuna nafuu kwa spishi ndogo mbili, muntjac na kulungu-maji wa China. Ujerumani inapima kwingine: kwa kulungu mdogo wa roe nishati iwe angalau jouli 1,000 mita 100 mbele, na kwa wakubwa zaidi kipenyo kisipungue milimita 6.5 na nishati ifike jouli 2,000 umbali huo huo. Ndiyo maana .243 Winchester, yenye risasi ya milimita 6.2, inakubalika kwa kulungu mwekundu upande mmoja wa bahari na inakataliwa upande wa pili, ingawa mnyama ni yule yule. California nayo, tangu tarehe 1 Julai 2019, hairuhusu madini ya risasi katika uwindaji wowote.

Ukishajua mahali pako panadai nini kuhusu kipenyo, nishati, kuchanua na aina ya madini, endelea.

Hatua ya 3: Mnyama gani, na kwa umbali gani hasa

Kulungu wa roe ana kilo 20 hadi 30. Kulungu wa mkia mweupe wa Amerika Kaskazini huanzia kilo 45 na dume mkubwa hupita 130. Dume la kulungu mwekundu hufika kilo 200 na zaidi. Wote wana ngozi nyembamba na mbavu zisizo ngumu. Tofauti ni unene wa bega na umbali ambao risasi itasafiri ndani kabla ya kutokea upande wa pili. Kwa mkia mweupe aliyesimama ubavu, hiyo ni safari ya sentimita 30 hadi 40 hivi. Akisimama mshazari, inaweza kuongezeka karibu mara mbili.

Eneo la moyo na mapafu kwa mkia mweupe ni kama duara la sentimita 20. Kwa roe lihesabu sentimita 12 hadi 15.

Sasa umbali. Andika namba mbili: umbali mfupi zaidi unaotegemea kufyatua na mrefu zaidi. Wengi hufikiria ule mrefu peke yake, na hapo ndipo risasi nyingi hushindwa, kwa sababu msituni kulungu hutokea mita 25 mbele yako ukiwa umebeba risasi uliyoichagua kwa ajili ya mita 300. Na ule mrefu uwe umbali ambao wewe, ukiwa umekaa au umepiga goti, unaweka risasi tatu ndani ya eneo lile la mapafu. Usiandike umbali ambao bunduki inaweza kufika. Bunduki karibu zote zinaweza kufika mbali kuliko mwenyewe.

Hatua ya 4: Tafuta kasi ya kugonga

Hii ndiyo hatua yenyewe, tutakaa hapa kidogo.

Unahitaji vitu vitatu: kasi ya risasi ikitoka mtutuni, kipimo chake cha kukata hewa, na umbali. Vya kwanza viwili vinaandikwa kwenye boksi au kwenye jedwali la mtengenezaji, na programu yoyote ya kukokotoa mwendo wa risasi itamaliza hesabu. Lakini usiiamini kasi ya kwenye boksi moja kwa moja. Kwa bunduki za kawaida za kuwindia, nyingi hupimwa kwa mtutu wa inchi 24, yaani sentimita 61. Kila sentimita 2.5 inayopungua hula mita 8 hadi 15 kwa sekunde.

Tuchukue .308 Winchester, risasi ya greni 150. Greni moja ni gramu 0.0648, kwa hiyo risasi hii ina gramu 9.7. Boksi linasema mita 860 kwa sekunde. Mtutu wako una sentimita 51, umepungukiwa na sentimita 10, kwa hiyo ondoa 40: unabaki na 820. Sasa linganisha risasi mbili za uzito huo huo na kasi hiyo hiyo ya kuanzia. Moja ina ncha kali ya plastiki na kitako kilichopunguzwa nyuma, nyingine ni ncha laini iliyo butu. Ile kali inafika mita 200 ikiwa na karibu mita 690 kwa sekunde, na mita 300 ikiwa na 630 hivi. Ile butu inafika mita 200 na 615, na mita 300 imebaki na 525.

Risasi nyingi za kawaida zenye kiini cha madini ya risasi hudai takriban mita 550 kwa sekunde ili zichanue. Kwa hiyo risasi butu hapo juu ni nzuri kabisa mita 200, na mita 300 tayari ni msumari. Bunduki ile ile, kaliba ile ile, uzito ule ule. Za shaba tupu nyingi hudai zaidi, karibu mita 610, na baadhi ya mpya zimeundwa kufunguka chini ya hapo. Namba hii mtengenezaji makini huitangaza. Ukikosa kuiona popote, nunua nyingine. Tena ongeza akiba ya mita 50 kwa sekunde juu ya kile wanachotangaza, maana "inaanza kufunguka" na "inafunguka inavyotakiwa" si kitu kimoja.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa umbali wako mfupi. Jibu likizidi mita 850 hivi kwa sekunde, jambo ambalo ni la kawaida kwa .270 Winchester au kaliba za magnum (zile zenye baruti nyingi kuliko kawaida) mita 30 mbele, basi risasi nyepesi ya koti jembamba (koti ni gamba la shaba la nje) iondoe kwenye orodha.

Kuhusu nishati: ni muhimu kwa sheria, na ni njia ya haraka ya kukataa kisichofaa. Katriji ya .22 ya kulenga makopo ina jouli 140 hivi, nayo si ya kulungu hata wa roe. Lakini risasi mbili zenye jouli sawa zinaweza kufanya majeraha yasiyofanana hata kidogo, moja ikichanua na nyingine ikipita moja kwa moja. Namba kubwa kwenye boksi isikulevye.

Hatua ya 5: Chagua muundo

Hapa ndipo majina ya biashara yanapomchanganya mtu. Yaweke pembeni, uliza risasi imejengwaje.

Koti zima ni risasi iliyofunikwa kwa shaba mpaka ncha, kama za kijeshi. Haichanui. Humtoboa mnyama tundu jembamba, naye hukimbia mbali akafie mahali usipomwona. Ni marufuku kwa kulungu sehemu nyingi, na hata panaporuhusiwa haifai.

Ncha laini ya kawaida ina koti la shaba iliyochanganywa na zinki, ndani kiini cha madini ya risasi kinachochungulia kwenye ncha. Inafunguka upesi, inafanya kazi kwa kasi za wastani, na bei yake ni ya chini. Kwa kulungu wa kilo 40 hadi 100 kwa umbali usiozidi mita 200, na katriji ya kasi ya wastani kama .308, 7mm-08 au 6.5 Creedmoor, bado ni chaguo la watu wenye akili timamu. Udhaifu wake ni bega: ikigonga mfupa mzito kwa kasi kubwa, koti na kiini vinaweza kuachana, kila kimoja kikaenda njia yake bila nguvu.

Ncha ya plastiki hufanya kazi kama kabari. Ikigonga, ncha inasukumwa ndani na kukipasua kiini kutoka katikati, kwa hiyo risasi inafunguka haraka hata kasi ikiwa imepungua. Tatizo ni kwamba kuna ncha za plastiki za kulungu na kuna za wanyama waharibifu wadogo kama panya wa mashambani, na kwa macho zinafanana. Hizi za pili zina koti jembamba kama karatasi na zimeundwa kulipuka zikigusa kitu. Kwenye bega la kulungu hufanya shimo pana lisilo na kina. Soma boksi limeandikwa la mnyama gani. Rangi ya ncha haikuambii lolote.

Risasi iliyounganishwa ina kiini kilichoshikamanishwa na koti kwa joto au kemikali, visiachane. Nyingi hubaki na asilimia 80 hadi 90 ya uzito wake baada ya kugonga, wakati ya kawaida huweza kubaki na nusu tu. Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa mtu mwenye katriji ya kasi kubwa ambaye umbali wake unaanzia mita 25, na kwa mwenye kulungu mwekundu. Ndugu yake mkongwe ni ile yenye ukuta wa shaba katikati, iliyoanza kuuzwa na John Nosler wa Marekani mwaka 1948: nusu ya mbele inachanua, hata kusambaratika, nusu ya nyuma imefungiwa nyuma ya ukuta na inaendelea kuchimba.

Shaba tupu haina kiini. Ina tundu kwenye ncha, mara nyingi limezibwa kwa plastiki, na ikigonga inafunguka petali nne au sita. Hubaki na karibu uzito wake wote, hupenya sana, na haiachi madini ya risasi kwenye nyama. Inadai kasi, kama tulivyoona. Inadai pia msokoto, kwa sababu shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi (gramu 8.96 kwa sentimita ya ujazo dhidi ya 11.34), na risasi ya uzito sawa inakuwa ndefu zaidi. Dawa ya yote mawili ni moja: shuka ngazi moja ya uzito. Aliyezoea greni 165 za kawaida achukue 150 au 130 za shaba. Inatoka kwa kasi zaidi, ni fupi, na bado itapenya kuliko ile ya zamani.

Za mashindano, zile zenye kijitundu kidogo kwenye ncha, ziache kwa mashindano. Kijitundu kile ni matokeo ya namna zinavyotengenezwa, hakikuwekwa ili zichanue. Mara zinasambaratika, mara zinapita nzima, na hujui ni lini.

Hatua ya 6: Uzito

Hapa twende haraka, maana ukishajua kasi na muundo, uzito karibu unajichagua. Hizi ni za kulungu wa ukubwa wa mkia mweupe:

.243 Winchester: greni 90 hadi 100 za kawaida au 80 hadi 85 za shaba. Zile za 55 hadi 75 nyingi ni za wanyama waharibifu wadogo.
6.5 Creedmoor: 120 hadi 143, shaba 120.
.270 Winchester: 130, au 140 hadi 150 kwa mnyama mzito, shaba 110 hadi 130.
7mm-08: 140, shaba 120.
.30-30 Winchester: 150 au 170 za ncha bapa. Hizi zimetengenezwa laini kwa kasi ndogo. Usivuke mita 150.
.308 Winchester: 150 hadi 165, shaba 130 hadi 150.
.30-06 Springfield: 150 hadi 180, shaba 150 hadi 168.

Ukiwa katikati ya uzito mbili na mtutu wako una msokoto wa polepole, chukua nyepesi. Ukiwa na msokoto wa kutosha na umbali mfupi, chukua nzito, kwa sababu inatoka polepole kidogo na kupenya zaidi. Kuna imani kwamba risasi nzito ya ncha butu hukata vijiti na majani bila kupotoka. Hakuna risasi ya namna hiyo. Zote hupotoka, subiri mnyama atoke kwenye uwazi.

Hatua ya 7: Iulize bunduki

Mpaka hapa una aina mbili au tatu zinazofaa kwenye karatasi. Sasa bunduki yenyewe ina lake la kusema. Mitutu miwili iliyotoka kiwandani siku moja inaweza kupenda risasi tofauti.

Nunua boksi moja la kila aina. Safisha mtutu kila unapobadilisha aina, na safisha hasa ukihamia kwenye shaba tupu, kwa kimiminika cha kuondoa shaba, mpaka kitambaa kikome kutoka na rangi ya bluu. Ukikausha mtutu, fyatua mbili zisizohesabiwa. Kisha, bunduki ikiwa imeegemezwa juu ya mifuko ya mchanga mbele na nyuma, fyatua makundi matatu ya risasi tatu tatu kwa mita 100. Kati ya kundi na kundi subiri mtutu upoe hadi uweze kuushika kwa kiganja bila kuuachia. Mtutu wa kuwindia ni mwembamba. Ukipata moto hupindisha kundi kwenda juu au pembeni, nawe utailaumu risasi bure.

Kundi la sentimita 4 au 5 linatosha kwa kulungu. Aina moja ikikupa sentimita 3 na nyingine 5, lakini ile ya 5 ndiyo yenye kasi ya kugonga inayofaa, chukua ya 5. Sentimita mbili hazitaonekana kwenye duara la sentimita 20, ila risasi isiyofunguka itaonekana.

Angalia matundu yenyewe, si kundi tu. Ondoa karatasi kwenye shabaha, ilaze mezani, uangalie kila tundu kwa karibu. Tundu la risasi iliyotulia ni la duara, lina ukingo wa kijivu pande zote. Ukiona limekuwa na umbo la yai, au ukingo wa kijivu ni mnene upande mmoja, risasi inayumba. Ni ndefu mno kwa msokoto wako. Usiibebe kuwindia hata kama kundi ni dogo.

Ukishachagua, nunua maboksi ya kutosha yenye namba moja ya toleo, iliyopigwa muhuri kwenye kila boksi. Toleo jingine linaweza kuhamisha pigo kwa sentimita kadhaa, kwa hiyo kila toleo jipya lifyatuliwe upya kabla ya msimu.

Kurekebisha darubini: kwa .308, .270 na jamaa zake, weka pigo sentimita 4 juu ya kitovu kwa mita 100. Litakata mstari wa kulenga karibu na mita 175, na mita 200 litakuwa sentimita 4 au 5 chini. Maana yake hadi mita 200 unalenga katikati ya kifua bila kufikiria. Kisha nenda mita 200 uthibitishe kwa karatasi, usiridhike na jedwali. Na siku nyingine asubuhi, mtutu ukiwa baridi, fyatua moja tu na uandike ilipoangukia. Hiyo moja ndiyo utakayomfyatulia kulungu.

Jambo la mwisho kwenye uwanja: kama kishindo cha katriji uliyochagua kinakufanya ufumbe macho kabla ya kufyatua, shuka kaliba. Mwombe mwenzako akupakilie bunduki, mara nyingine aweke katriji bandia bila kukwambia. Ukivuta kifyatulio kwenye katriji bandia na mtutu ukaruka, umejijua.

Hatua ya 8: Soma kidonda

Risasi inahukumiwa kwenye mzoga. Fuata njia yake kwa kidole kutoka ilipoingia, ukiandika iligusa nini.

Tundu dogo la kuingia, tundu dogo la kutokea, mapafu yametobolewa tu na mnyama amekwenda mbali: haikufunguka. Ama umbali ulikuwa mrefu kuliko kasi yake, ama muundo ni mgumu kwa mnyama mwepesi. Kwa roe, risasi ya shaba nzito kutoka .308 hufanya hivyo mara kwa mara. Chukua nyepesi au ya ncha laini.

Shimo pana begani, nyama imekuwa uji, lakini mbavu za ndani karibu nzima: ilisambaratika. Ilikuwa nyepesi au ya koti jembamba, na ilifika kwa kasi mno. Nenda kwenye iliyounganishwa, au uongeze uzito.

Koti tupu chini ya ngozi ya upande wa pili, bila kiini: viliachana. Kama moyo au mapafu yameharibiwa vizuri, usihangaike sana. Kama njia iliishia njiani, badilisha muundo.

Ukiipata risasi ndani ya mwili, ioshe, uipime kwa mizani, na upana wake kwa kalipa. Kipenyo kilichoongezeka mara 1.5 hadi 2 ni kizuri. Tunapenda tundu la kutokea liwepo, kwa sababu damu inayodondoka kutoka tundu la chini ndiyo inayokuonyesha njia kwenye majani, na tundu moja la juu huziba na manyoya.

Na kabla ya kuilaumu risasi, angalia ilipopita. Malalamiko mengi ya risasi mbovu yana jeraha la tumbo ndani yake. Mahali pa kulenga kwa mnyama aliyesimama ubavu ni nyuma tu ya mguu wa mbele, theluthi moja kutoka chini ya kifua. Aliyesimama mshazari, lenga kwa kufikiria mguu wa mbele wa upande wa pili.

Nyama, kama umetumia madini ya risasi

Risasi inayochanua yenye kiini cha madini ya risasi huacha chembe, nyingine ndogo kuliko mchanga, na picha za eksirei zimezionyesha mbali na njia ya risasi kuliko macho yanavyoona. Madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto na wajawazito. Usioshe kidonda kwa maji ya kumwagwa, kwa sababu hutawanya chembe kwenye nyama safi. Kata na kutupa nyama yote iliyochubuka, pamoja na angalau sentimita 15 za nyama nzuri kuzunguka, wala usiitie kwenye nyama ya kusaga. Mabaki yafukie au yaondoe: kondori wa California na tai hufa kwa kula matumbo yaliyoachwa porini yakiwa na chembe hizo. Unapopima zile sentimita 15, anzia ukingo wa weusi wa damu, si kwenye tundu.